Kabichi za Ikoma na Faili Lisilofunguka

Jumatatu, 9 Juni 2025

Leo ndiyo leo! Programu yangu imekamilika. Nimeipa jina letu la ukoo: Mseti Ofisi. Inaandika barua, inapanga jedwali, inajumlisha hesabu. Ukiifungua, kinatokea kichwa cha fahali mwenye pembe ndefu. Nimemchora mwenyewe. Winfrida, mke wangu, anasema ni mbuzi. Winfrida hajui sanaa.

Nisidanganye ndani ya shajara yangu. Programu sikuianzia sifuri. Nilichukua moja ya bure, ambayo wenyewe wanaruhusu yeyote aibadilishe, nikaweka jina, rangi na fahali. Lakini kuna jambo moja nimelifanya kwa kichwa changu, na ndilo litakalonitoa kwenye kibanda hiki cha steshenari. Nimebadilisha mafaili!

Niliwaza hivi. Ofisi zote za hapa Tarime zinatumia programu ya Yule Mkubwa wa Marekani. Kwa nini? Si kwa mapenzi. Kutwa wanailalamikia. Wanaitumia kwa sababu wanatumiwa mafaili yake. Halmashauri inatuma, shule inapokea. Shule inatuma, kanisa linapokea. Ukiwa na programu nyingine, barua inakufikia mistari imepinda na majedwali yamevunjika viuno. Kwa hiyo nguvu ya Yule Mkubwa haimo kwenye programu. Imo kwenye faili! Mwenye faili ndiye mwenye mji.

Basi kuanzia leo, faili lolote litakalochapwa dukani kwangu litakuwa na mkia wa .mseti, na halitafunguka popote duniani isipokuwa kwa Mseti Ofisi. Atakayelipokea itabidi aniombe programu. Naye atawatumia wenzake, nao wataniomba. Kufika Krismasi, mkoa mzima wa Mara. Na ili mteja asitoroke, nimekifuta kile kitufe cha kuhifadhi faili kwa aina nyingine. Cha PDF nacho nimekifuta. Popote programu itakapowashwa, itaomba kwanza neno la siri, na hilo ninalo mimi tu. Ni neno salama sana. Hakuna mkwe mwenye adabu anayeweza kulitamka.

Upande wa pili wa barabara kuna Judith. Tulisoma naye chuo Musoma, akanipita mtihani kwa bahati. Sasa ana steshenari yake hapa hapa Bomani, na leo kapandisha kibao kipya: TUNAFUNGUA MAFAILI YOTE. Yote! Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka. Nimepiga marufuku jina la Judith nyumbani kwangu. Winfrida hana ruhusa ya kulitaja hata kwa heri.

Jioni imeingia kazi ya kwanza. Kutoka kwa mama mkwe! Ndiye mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaolima kabichi kule Ikoma. Kuna loji mpya karibu na geti la hifadhi inatafuta wa kuiletea mboga. Tenda itumwe kwa imeili, mwisho Ijumaa saa sita mchana. Watakaoshinda, gari la loji litakuja kubeba mzigo shambani siku ya pili yake. Na wanalihitaji gari hilo jana, si kesho. Kabichi zimekomaa, na tembo wameanza kutoka hifadhini. Shamba la jirani wameshalimaliza. Gari likichelewa, msimu wote wa akina mama unaingia tumboni mwa tembo.

Maneno haya yamenifikia kupitia kwa Winfrida, kwa sababu mimi na mama yake hatuongei uso kwa uso. Ndiyo heshima yetu. Mkwe hampi mkono mama mkwe, hamtaji jina, hakanyagi ndani ya nyumba yake. Naipenda sana heshima hiyo. Siku ya mahari alichungulia dirishani, akamkataa ng'ombe wangu mmoja kwa sababu ana pembe moja. Akasema hapa hatufugi kifaru. Mbele ya wazee! Tangu siku hiyo nina jina langu la kumwita, moyoni.

Jumanne, 10 Juni

Karatasi za kikundi zimefika na basi la asubuhi, zimeandikwa kwa mkono na Teresia, katibu wao. Nimechapa. Nimepanga jedwali: kabichi, nyanya, vitunguu, kila wiki kiasi gani. Lilivyopendeza, nililiangalia mara mbili kabla ya kulituma. Nimelituma kwa Nelson, afisa manunuzi wa loji. Mkia .mseti.

Winfrida kauliza kama huyo Nelson ataweza kulifungua. Nimemwambia hilo ndilo lengo lenyewe, hataweza! Atapiga simu, nitampa programu, loji nzima itaingia mkononi. Winfrida kasema hizo si kabichi zangu za kuchezea. Kasema mama yake hakutaka kunipa kazi hii, yeye ndiye aliyeniombea, na kabichi zikiliwa na tembo kwa sababu ya fahali wangu, yeye atasimama upande wa mama yake. Akaomba nimprintie nakala moja ya karatasi. Nikamprintia. Mwanamke akitaka karatasi, mpe karatasi.

Akatoka. Akarudi baada ya muda, anasema alikwenda kununua uzi. Uzi sijauona.

Mchana, msiba mdogo. Mwalimu Hezekia wa shule ya msingi kaja juu, jasho linamtoka. Wiki iliyopita nilimchapia ratiba ya mitihani kwa Mseti Ofisi ya majaribio. Kaipeleka halmashauri kwenye flashi, ikatoka visanduku na alama za kuuliza. Afisa kamuuliza kama anafundisha kwa lugha ya majini. Nimemweleza Mwalimu kwa upole kwamba tatizo liko halmashauri, waweke programu yangu. Mwalimu kachukua flashi yake, kavuka barabara. Nimemwona kwa macho yangu akiingia kwa yule ambaye jina lake silitaji.

Saa kumi simu ikalia. Nelson! Ana Kiswahili cha watu wa Sirari, mpakani na Kenya. Kasema, "Boss, hii file yako iko na maboksi tu, hakuna maneno." Nikamwambia atulie, nitamtumia programu, aiweke, mambo kwisha. Kasema haiwezekani, kompyuta za loji zimefungwa na ofisi kuu ya Arusha, hata kalkuleta huwezi kuongeza. Anataka faili la kawaida, kwa sababu Arusha wanaunganisha majedwali ya waombaji wote. Nikasema nitamletea karatasi. Kasema karatasi haijumlishi. Nikasema asubiri.

Sikula vizuri. Winfrida alikula vizuri sana.

Jumatano, 11 Juni

Siku mbaya. Niandike haraka.

Asubuhi nimejaribu kurudisha kile kitufe nilichokifuta. Hakirudi. Nilikifuta na mizizi yake. Nimeshusha upya ile programu ya bure, ya asili. Haitambui mkia wangu hata kidogo. Nilifanya kazi nzuri mno!

Nikapata akili. Nikabadilisha mkia wa faili kwa mkono, nikafuta .mseti nikaandika mkia wa Yule Mkubwa. Ng'ombe ukimvalisha kengele ya mwenzake, atajulikana vipi? Nikakodi kompyuta ya kafe ya intaneti kulijaribu. Likafunguka! Nikapiga kelele. Zikatoka kurasa na kurasa za visanduku, na katikati yake, peke yake, pembe moja ya fahali. Mwenye kafe kaniomba niondoke kabla mashine yake haijaambukizwa.

Winfrida kasema kwa nini nisichape upya kwenye ile ya bure, nihifadhi kwa mkia wa kawaida, nitume. Kazi ya saa moja. Najua ni kazi ya saa moja! Sihitaji kuambiwa! Lakini siku nitakayochapa upya kwa mkia wa Yule Mkubwa, nimepiga magoti. Leo nikipiga magoti kwa kabichi, kesho nitapiga kwa vitunguu. Kasema mama yake anakesha na akina mama wenzake wakipiga madebe kufukuza tembo. Hapo nikatoka nje kuangalia mawingu.

Mchana nikampigia Nelson. Nikamwambia njia nyingine iko mbioni. Kasema, "Wacha tu boss, mambo iko sawa." Nikasema iko sawa vipi wakati faili halijafunguka? Kasema tena iko sawa, tusiwe na presha, akakata. Nimekaa na simu mkononi nikaielewa maana yake. Wamempa mtu mwingine! Ndiyo namna ya watu wa ofisi, wakikuambia mambo yako sawa ujue umeshatolewa.

Sasa hofu imenishika kweli. Si ya programu. Nimeziona kabichi akilini. Nimemwona Teresia, ambaye jana kapiga simu mara mbili kuuliza kama imefika, na mara zote mbili nimemjibu imefika. Kufika imefika.

Jioni nimeamua. Kama faili haliwezi kwenda kwa Nelson bila programu, na programu haiwezi kuingia kwenye kompyuta ya Nelson, basi nitampelekea kompyuta yenyewe. Nzima! Na monita! Ataona jedwali kwa macho yake, atanakili, ataduwaa, ataipigia simu Arusha. Nimeanza kufunga nyaya.

Winfrida kasema nisiende. Kasema kuna jambo anataka kuniambia, lakini ndani yake kuna lile jina nililolipiga marufuku. Nikamwambia kama lina jina hilo asiniambie. Kasema litanisaidia. Nikasema hakuna kinachoanza na jina hilo kikanisaidia. Akanisaidia kuikunjia monita blanketi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimefika Ikoma. Mgongo haupo.

Basi la Mugumu kupitia Nyamongo. Kompyuta nimeipakata, monita imelala siti ya pembeni ndani ya blanketi. Tulipofika Kemambo akapanda mama mmoja, akatazama blanketi, akaniuliza kwa sauti ya chini mgonjwa anaendeleaje. Nimesema anaendelea vizuri. Akaniombea. Sikuwa na nguvu ya kumrekebisha, na maombi nayahitaji.

Mugumu mpaka Ikoma kwa pikipiki, monita mgongoni. Kwenye geti la loji mlinzi kakataa katakata. Kauliza ndani ya blanketi kuna nini. Nimesema tenda. Kasema tenda haina waya. Nikampigia Nelson. Kashangaa kusikia niko getini. Kasema ana wageni, lakini kesho asubuhi atapita kwa mwenyekiti wa kikundi kuangalia kabichi, tukutane huko.

Atapita mwenyewe! Kabla ya saa sita! Nimeruka juu, monita ikanigonga kisogoni. Bado hawajaamua. Bado kuna nafasi.

Kisha nikaanza kufikiria. Kompyuta inataka umeme. Kijiji hiki sola za wengi zinawasha taa na kuchaji simu tu. Sola kubwa yenye inveta iko nyumba moja. Kwa mama mkwe.

Nimemtuma Teresia akaombe umeme huko, kaitikia haraka. Akina mama wameibeba kompyuta yangu vichwani, wakaiingiza ndani na kuipanga mezani. Nimebaki huku kwenye zizi la ng'ombe, nimegeuza mgongo kama inavyotakiwa, nikisikia nyaya zangu zikiulizwa maswali. Nitalala kwa mume wa Teresia. Kaniambia, "Mura, tumekutegemea." Mume wa Teresia ana miaka karibu sawa na yangu, lakini kaniita kijana, na nimejiona kijana kweli.

Kabichi nimeziona kwa mbali. Kubwa, za kijani, zimejipanga hadi kwenye vichaka. Nyuma ya vichaka ni hifadhi. Hakuna uzio.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa kalamu. Kompyuta ningependa ibaki ndani kwa mama mkwe milele, na mimi nisionekane tena Ikoma.

Usiku tembo wamepita. Akina mama wamepiga madebe, wamewasha moto, lakini kona moja ya shamba imekwenda. Ni kona ya Teresia. Asubuhi nimemkuta amesimama katikati ya majani yaliyokanyagwa, macho mekundu. Nimemwambia leo hii kompyuta itatutoa. Kanitazama kama mtu anayeamini. Hilo ndilo lililonimaliza.

Mama mkwe akaagiza mashine iwashwe kabla mgeni hajafika, asije akatukuta tunahangaika. Akaketi mwenyewe mbele yake. Nikatuma neno kwamba ni afadhali akae Teresia, namwelekeza kidogo kidogo. Jibu likarudi kutoka ndani: kinachofanya kazi katika nyumba yangu kinapita kwenye mkono wangu. Basi Teresia akasimama mlangoni, kazi yake kupokea maneno yangu na kuyaingiza ndani. Mimi zizini, nimewapa mgongo. Akina mama wa kikundi wamekaa kwenye nyasi katikati yetu, wote, na mabua ya kutafuna.

Ikawaka. Fahali akatokea. Teresia akageuka akasema mama anauliza kwa nini mbuzi.

Kisha akageuka tena. Mashine inaomba neno la siri.

Jasho! Jasho la kweli, hadi kwenye soksi. Nilikuwa nimesahau. Siku tatu naliandika kila asubuhi na vidole vyangu, hata sikufikiria kwamba neno lina sauti. Nikasema nimelisahau. Teresia akalipeleka ndani. Kisha sauti ya Teresia ikarudi, nyembamba, ikasema basi kabichi zimekwisha. Akina mama wakaanza kunong'ona. Mmoja akasema gari la loji linaonekana kule kwenye vumbi, bado liko mbali.

Nikafikiria kukimbia. Nikafikiria kona ya Teresia. Nikasema nimelikumbuka, nitalisema herufi moja moja, haraka haraka, labda hawatalishika.

"K," nikasema. "K!" akaita Teresia. "K," ikajibu sauti ya ndani, na kitufe kikalia. I. F. A. R. U. Mama mmoja kwenye nyasi akacheka, akasema kumbe kifaru, mnyama wa hapa hapa, neno zuri. Wote wakacheka kwa ahueni. Nami nikaona mlango umefunguka! Nikasema basi, ni hilo tu, kifaru. Ndani kitufe kikabonyezwa. Teresia akachungulia. Imekataa, mashine inasema neno halijakamilika.

Nikatazama barabara. Vumbi limekaribia.

"M," nikasema. M. "O." O. Hapo kicheko kikapungua. "K." Teresia akageuka, akanitazama mgongoni, naona alinitazama kwa sababu niliusikia mgongo unawaka. Kisha akaita "K" kwa sauti ya kanisani. A. M. I.

Mokami. Miaka saba sijawahi kulitamka jina la mama yake Winfrida, wala kwa bahati mbaya, wala usingizini. Leo nimelitamka mbele ya watu, herufi baada ya herufi, na nimelitangulizia mnyama.

Sauti ya ndani haikutetemeka hata mara moja. Ilijibu kila herufi, mpaka ile I ya mwisho. Kitufe kikalia. Mashine ikafunguka, ikapiga muziki wake wa kufungulia. Huo muziki nimeuweka mwenyewe. Ni mrefu.

Mabua hayakutafunwa. Gari likasimama, Nelson akashuka, akawaamkia shikamoo kwa mzunguko, akaingia ndani. Nikasikia akisoma jedwali. Nikasema moyoni, aibu iko pale pale, lakini kabichi zimepona. Kwa fahari kidogo nikamwita Teresia amwambie Nelson anakili yote kabla ya saa sita.

Nelson akatoka mlangoni, anacheka. Kasema anakili ya nini? Hii ni ile ile aliyonayo tangu Jumanne jioni. Ilifika mara ya pili, ya kawaida, ikafunguka vizuri sana. Arusha hawakungoja Ijumaa, tenda kikundi kilishapewa Jumatano, ndiyo maana aliniambia mambo iko sawa, akidhani nitawapasha akina mama. Leo amekuja kuangalia mzigo na njia ya gari tu. Kasema barua ya imeili iliandikwa hivi: imetumwa na duka la Judith, kwa niaba ya mkwe wetu, Vicent Mseti.

Uzi! Winfrida hakwenda kununua uzi.

Jumamosi, 14 Juni

Gari limekuja alfajiri. Akina mama wamekata kabichi tangu giza, wakazipanga hadi juu ya bodi. Wameimba. Teresia naye ameimba. Wenzake kila mmoja kachangia kwenye mzigo wake, hasara ya ile kona isimwangukie peke yake. Hakuna kilichobaki shambani ila mashina. Tembo wakija wataokota mashina.

Mimi nimetazama kutoka zizini. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenikaribisha.

Saa nne baba mkwe, mzee Marwa, ameniita pembeni. Ni mtu wa maneno machache. Kasema mama wa nyumba hii hana hasira, ila heshima imevunjwa, na heshima ikivunjwa inarudishwa kwa ng'ombe. Nikauliza ng'ombe wa namna gani. Akanitazama kichwani mpaka miguuni. Kasema wa pembe mbili. Halafu niandike barua ya kuomba radhi, isomwe mbele ya ukoo.

Nimempigia Winfrida. Alishazisikia habari zote, Ikoma haihitaji intaneti. Alicheka mpaka simu ikakoroma. Kisha kasema Judith alitaka kuweka jina la duka lake tu, yeye Winfrida ndiye aliyemsihi aandike langu. Alitaka mama yake anisifu, angalau mara moja. Alimwambia Judith asimwambie mtu. Kama ningebaki Tarime, leo ningekuwa ndiye mkwe aliyeokoa kabichi.

Nilimwambia mtandao unasumbua.

Jumatatu, 16 Juni

Nimerudi Bomani na kompyuta yangu. Nimelala siku nzima ya jana. Leo nina nguvu mpya!

Judith kaongeza mstari kwenye kibao chake. TUNAFUNGUA MAFAILI YOTE, HATA YA JIRANI. Uongo! Hafungui, anachapa upya. Nimevuka barabara nimwambie hivyo, nikakuta foleni, na Mwalimu Hezekia ndani yake, nikajifanya napita. Winfrida alikuwa ameniagiza nimshukuru. Nitamshukuru siku foleni ikipungua.

Lakini nimekaa nikachambua safari nzima kwa utulivu, kosa liko wapi. Na nimeliona. Si mkia. Mkia ulifanya kazi kikamilifu, faili halikufunguka hata mara moja! Kosa ni kwamba nilianza na loji, watu wenye ofisi kuu Arusha. Nilitakiwa kuanza na mtu ambaye lazima alisome faili langu, na hana wa kumwuliza ruhusa.

Na mtu huyo ninaye! Barua ya radhi nimeiandika leo asubuhi. Kurasa mbili, ya unyenyekevu, nimemsifu kila mtu. Winfrida kasema ni nzuri, niiprinti nimpe dereva wa basi. Nimemwambia nitaituma. Nimeihifadhi kwa Mseti Ofisi, nikaituma moja kwa moja kwenye simu ya mzee Marwa. Haitafunguka. Ukoo umekaa unasubiri kusomewa, itabidi mzee aombe programu. Mteja wangu wa kwanza Ikoma! Ng'ombe wa pembe mbili nitamtafuta taratibu.

Neno la siri nimelibadilisha, bila shaka. Lile la zamani limetangazwa kijiji kizima, si salama tena. Hili jipya nimelifikiria njiani kote tangu Ikoma mpaka Mugumu, nikiwaza namna mzee alivyonitazama akitaka ng'ombe wangu. Ni fisimarwa. Hakuna atakayelibahatisha. Mzee akipiga simu kuliuliza, nitamsomea mwenyewe, herufi moja moja.